Tuonyeshe Nyumba

Ndola, 14 Novemba

Yaya Mwansa,

Nimefika salama. Niko kwa shangazi, chumba cha nyuma, kinafungwa kwa komeo nene la chuma.

Najua umesikia kwa watu kabla ya kusikia kwangu, kwa hiyo acha nikueleze mwenyewe. Asubuhi iliyofuata mahojiano ya redio nilikuwa nafundisha chuoni Kasapa. Vijana wa mgombea Nyundo wakaingia nyumbani kwangu, wakavunja madirisha yote, wakapindua gari na kulichoma moto. Mlinzi wangu walimpiga mdomoni kwa kitako cha shoka. Wenzangu wa chuoni walinitoa kwa mlango wa nyuma, na mpaka wa Kasumbalesa nilivuka nimelala kati ya magunia kwenye lori la Dédé. Simu nimeitupa. Watu nisiowajua walikuwa wananipigia kunieleza kiungo kimoja kimoja jinsi watakavyonikata. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi kama babu zetu. Dédé anapita mpakani kila mara, yeye ndiye atakayetubebea.

Yaya, dada yangu, sikudanganya. Tuliwauliza watu nchi nzima, mji kwa mji, kwa miezi, watamchagua nani kuwa rais. Mwavuli na Nyundo wanakwenda bega kwa bega. Nilimweleza mtangazaji kwamba tofauti yao ni ndogo kuliko kosa ambalo hesabu yenyewe inaweza kuwa nalo. Akanikata: "Professeur, wasikilizaji hawataki kosa, wanataka jina." Nikaanza tena kueleza. Akasema tena, "Jina, Professeur." Nikasema Mwavuli, kwa asilimia hamsini nukta saba.

Na huko kwetu Nyundo ni mtoto wa nyumbani. Mwavuli anaitwa mgeni, na yeyote anayempenda anaitwa mgeni pamoja naye, hata kama babu yake amezikwa huko. Ni kama nilimtukania mtu mama yake.

Mshukuru mumeo, shemeki Antoine. Kati ya wote niliowatuma kuuliza, hakuna aliyefanya kazi kama yeye. Wengine walifungiwa milango, lakini mwalimu aliyewafundisha nusu ya mtaa wa Hewa Bora kusoma, nani atamfungia? Mwambie akae kimya mpaka Jumapili ya kura ipite.

Mdogo wako,
Katongo

*

Lubumbashi, 18 Novemba

Mudogo yangu Katongo,

Barua yako nimeipata. Unaandika Kiswahili ya kitabu hata wakati unakimbia. Miye nitaandika ile tunasema.

Mungu ashukuriwe juu uko muzima. Lakini weye, nani alikutuma? Bantu beko banasema Mwavuli alikununua. Nikisema mudogo yangu hawezi, banacheka. Mu kibanda yangu ya chakula zamani bantu balikuwa banakula bukari pa benchi moja. Sasa ba Nyundo banaikala huku, ba Mwavuli banaikala kule, na mwenye kukuya peke yake anaangalia kwanza pa kuweka matako.

Juzi mu soko balimushika kijana moja amevaa tisheti ya Mwavuli. Balimuvua, bakamwambia aikule. Alipoitapika bakamupiga na nondo mupaka mukono ikaninginia sawa ya nguo pa kamba. Nilisimama pale na ndoo yangu. Hakuna mwenye alisema kitu. Kiisha nikabeba ndoo, nikaenda kupika.

Mukubwa wa bale vijana ni Kalenga. Unamujua, mutoto wa Mama Marie-Thérèse mwenye kuuzisha makala ya kupikia pembeni yangu. Antoine alimufundisha darasa la tatu. Jana alikuya akakula, akamuuliza Antoine na heshima yote: "Mwalimu, ile sondage, ile kuuliza-uliza ya shemeki yako, uliandika majina ya bantu?" Antoine akamwambia hapana, ni alama tu, majina haiko. Kalenga akagonga kichwa yake na kidole, pole pole, akasema, "Lakini humu iko, Mwalimu. Weye ulikuwa unajua majina yetu yote bila kuangalia kitabu." Bote bakacheka. Antoine naye akacheka. Miye sikucheka.

Nilimwambia aende Likasi kwa ndugu yake. Anasema atachagua kwanza, kiisha ataenda.

Sema na miye kweli. Ni Mwavuli atashinda?

Yaya yako,
Mwansa

*

Ndola, 21 Novemba

Yaya,

Ndiyo, ni Mwavuli. Kila jioni narudia hesabu na kila jioni inaniambia lile lile. Kuna mwenzangu mmoja Kinshasa aliyetangaza Nyundo, na huku wananiuliza kati yetu nani atacheka. Tutaona.

Nimesikia kwamba réseau imekatwa nchi nzima, simu na intaneti. Basi Antoine asiende Likasi kabla ya kunifanyia jambo moja. Jumapili jioni wataandika matokeo na kuyabandika kwenye mlango wa kila kituo cha kura. Naomba apite tu pale Hewa Bora aone, kisha aniandikie kwa mkono wa Dédé. Nataka kujua kama watu walichagua kama walivyomwambia.

Kuhusu Kalenga, usijisumbue sana. Ni mtoto wetu yule. Kelele zao zitaisha matokeo yakitoka.

Mdogo wako,
Katongo

*

Lubumbashi, 30 Novemba

Katongo,

Tuko kwa jirani Asha, muke ya Moustapha mwenye kuuzisha vitenge. Nyumba yetu iliungua. Ni jiko ya makala ilianguka.

Antoine anakusalimia. Alichoka, anapumzika.

Usikuye. Hata usikie nini, usikuye.

Mwansa

*

Ndola, 3 Desemba

Yaya Mwansa,

Pole sana kwa nyumba. Tangu Dédé anipe barua yako nawaza mashine yako ya kushonea, na vitabu vya Antoine. Lakini sielewi. Ukuta wa matofali, bati juu, jiko moja likaangushaje nyumba nzima? Niandikie vizuri.

Sasa nikupe cha kukufuta machozi. Wametangaza! Mwavuli, hamsini nukta nne. Mimi nilisema nukta saba! Kati ya wote waliotabiri, hakuna aliyekaribia kama sisi, na yule wa Kinshasa ameufyata. Redio tatu zimeshanitafuta kupitia kwa shangazi. Mwambie Antoine kwamba ushindi huu ni wake pia. Mwambie jana nilikunywa bia moja kwa jina langu na moja kwa jina lake, na watu wote wa baa wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani.

Na kwa nini haniandikii? Siku zote anaongeza mstari chini ya barua yako kusahihisha makosa yako. Mwambie nauhitaji mstari wangu, na nangoja yale matokeo ya mlangoni.

Nyundo ameshindwa, sasa watatulia. Nitakuja Noeli. Redio inataka nirudi kwenye kiti kile kile nilichokalia siku ile.

Mdogo wako mwenye furaha,
Katongo

*

Lubumbashi, 6 Desemba

Katongo,

Habakutulia. Vijana banasimama pa mulango ya Asha kila siku kuuliza Professeur atarudi lini. Ukikanyaga hapa banakuua mu mchana, na hakuna mwenye atafungua mulango yake.

Antoine mukono ilivimba, hawezi kuandika.

Nimekuambia usikuye. Miye njo mukubwa. Sikia.

Mwansa

*

Lubumbashi, 9 Desemba

Ndugu Profesa Katongo,

Assalamu alaikum. Mimi ni Asha, jirani wa dada yako. Hunijui sana, ila uliwahi kula sambusa zangu siku ya Idi. Naandika bila dada yako kujua, na Mungu anisamehe kwa kuvunja neno nililompa. Umesema utakuja Noeli. Heri ukae huko ukijua kuliko kuja huku hujui.

Shemeji yako Antoine amefariki.

Nitakueleza nilivyoona, kwa sababu niliona.

Siku ya pili baada ya kura, matokeo ya vituo yalikuwa yamebandikwa milangoni, na hapa Hewa Bora Mwavuli alikuwa amepata kura ambazo hakuna aliyezitegemea. Vijana wakasema kuna wasaliti mtaani. Alasiri, mvua ilipokatika, wakaja na nondo na dumu la petroli. Mume wangu alikuwa amekwama upande wa Luano, barabara zimefungwa kwa matairi yanayowaka. Wanangu niliwasukumia chini ya kitanda, mimi nikachungulia kwenye tundu la geti.

Walimkuta Antoine kibandani, dada yako alikuwa sokoni. Wakamvuta kwa ukosi wa shati hadi katikati ya barabara. Kalenga akamwambia, "Mwalimu, wewe uliuliza nyumba zote. Tuonyeshe nyumba za Mwavuli, kisha uende ukapumzike." Antoine akasema hakuna aliyemwambia kitu. Wakampiga magotini. Akaanguka, wakamwinua, wakampiga tena, wakamwambia atembee.

Wakawa wanasimama kila geti. "Hapa?" Anatikisa kichwa. Pigo. "Hapa?" Anatikisa. Pigo jingine. Hivyo hivyo, kutoka kona ya kinu mpaka kwetu. Alipofika kwangu alikuwa anatembea kama mtu aliyelewa, na jicho moja halionekani tena.

Profesa, mimi ni wa Mwavuli. Mwezi ule alipokuja kuuliza nilimwambia kwa mdomo wangu, tena nikicheka, na mume wangu akaongeza lake. Antoine alijua. Kalenga akagonga geti langu kwa nondo, mpaka leo alama ipo. "Na hapa? Hawa wageni wa Maniema?" Nikamwona Antoine akitazama geti, nadhani aliliona jicho langu. Akasema kwa sauti kubwa, "Hapa ni Nyundo. Mama huyu alinifukuza aliposikia jina la Mwavuli."

Wakapita.

Mwisho wa barabara Kalenga akakasirika. "Kwa hiyo barabara nzima hakuna hata mmoja? Unatuona watoto wako wa darasa la tatu?" Akainua nondo. Hapo Antoine akanyoosha mkono, akasema, "Ipo. Ile pale."

Wakageuka wote. Ilikuwa nyumba yake mwenyewe.

Mmoja akasema, "Anatucheka huyu." Antoine akasema, "Siwacheki. Humo wamo wawili, mimi na mke wangu. Wengine hapa hakuna."

Waliimwagia petroli wakaichoma. Alipokuwa anaitazama inawaka, Kalenga akampiga kichwani kwa nyuma. Niliusikia mlio wake. Kisha wakaenda wakiimba. Mimi na mwanamke mwingine tulimburuta mpaka kwangu, tukamfunga kichwa kwa kitenge. Hakuna gari lililokubali kutubeba. Dada yako alikuja akikimbia, akamkuta bado anapumua. Alikata roho kabla ya jua kuzama.

Tulimzika Alhamisi. Tulikuwa wachache. Vijana walisimama ukutani mwa makaburi na nondo zao, wakikungoja wewe. Ndiyo sababu dada yako alitukataza sote kukuambia.

Barua yako ya furaha nilimsomea mimi, kwa sababu macho yake yalikuwa yamevimba. Nilipofika kwenye ile bia nikasita. Akasema, "Soma." Nikasoma mpaka mwisho. Akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Wanangu wako hai, Profesa.

Asha binti Djuma

*

Ndola, 12 Desemba

Yaya,

Asha ameniandikia. Usimkasirikie.

Nimejaribu kuandika barua hii tangu asubuhi. Nilimwomba apite kwenye mlango wa kituo. Nilimwambia asiende Likasi kabla ya kunifanyia hilo. Yaya, wewe ulimwambia aende, mimi nikamwambia abaki. Kwa ajili ya nukta saba.

Nilijua kwamba hesabu haijui. Nilijua nilipokuwa nimekaa mbele ya kipaza sauti. Mtu akaniomba jina nikampa, kwa sababu nilitaka siku moja isemwe kwamba Katongo ndiye aliyeona. Na mtu mwingine, huku anapigwa chuma, ameombwa majina akakataa yote.

Redio wamepiga tena jana. Wanataka niwaambie mahakama itaamuaje kesi ya Nyundo ya kupinga matokeo. Shangazi ndiye aliyewajibu, sitarudia maneno yake.

Nataka kuja. Wakiniua, waniue. Lakini kwanza nijibu mambo haya. Kwa nini ulinificha, ni kwa sababu unanichukia? Na je, Antoine alisema chochote? Kwa nini nyumba yenu?

Katongo

*

Lubumbashi, 17 Desemba

Katongo,

Asha aliniambia kama alikuandikia. Nilimufokea, kiisha nikalala. Tangu ile siku nilikuwa sijalala.

Unauliza juu ya nini nilikuficha. Nilikuwa na bantu babili mu hii dunia, na moja balikuwa bamemuua. Ningekuambia, ungekuya ku kilio, na balikuwa beko banakungojea pa makaburi. Njo vile tu. Usifikiri ilikuwa upole. Wakati Asha alisoma ile bia yako, kama ungekuwa mbele yangu ningekupiga na mwiko mu uso.

Unauliza kama Antoine alisema kitu. Alisema. Nilimukuta pa kitanda ya Asha, damu inapita mu kitenge, inatonya chini. Na miye, badala ya kumushika mukono, nilimugombeza. Nilimwambia, "Nyumba ni mingi pa hii barabara! Juu ya nini yetu?" Alikuwa anatafuta pumzi, nafikiri hatajibu. Akasema, "Mwansa, njo ile nyumba moja tu yenye nilikuwa na ruhusa ya kutoa."

Nilikuwa ningali na hasira ya mashine yangu na sahani zangu. Wakati hasira ilishuka, alikuwa ameshakufa, mudomo wazi kidogo, sawa mwenye kungojea muntu amalize kusema.

Sasa sikia ingine, juu sitaki uisikie kwa Asha.

Jumamosi vijana balikuya pa kibanda, mu mchana, bantu beko banakula. Hii mara ni ba Mwavuli. Bamekuwa bakubwa sasa, mugombea wao alishinda. Balikuwa na mapanga na bidoni ya petroli. Mukubwa wao akanipa pole ya mwalimu, akapiga na goti chini. Kiisha akasema, "Mama, tuonyeshe tu nyumba ya Kalenga. Nyoosha mukono, ingine tutafanya siye."

Mama Marie-Thérèse alikuwa ameikala pembeni yangu na makala yake, sawa siku zote. Bale vijana ni bageni, habakumujua. Alikuwa ameshika kitambaa mu meno. Hakuniangalia. Kalenga alikuwa ameshakimbia, mu ile nyumba mulikuwa bajukuu bake tu, mukubwa wao anamenya viazi pa mulango. Kutoka kwangu nilimuona.

Sitakudanganya, Katongo. Mukono yangu ilianza kupanda. Niliona ile moto mu kichwa, na niliipenda. Nilipenda Marie-Thérèse akuye akikimbia sawa vile miye nilikimbia, anapoteza viatu. Nilifungua kinywa.

Yule kijana akasema, "Sema, Mama. Usiogope."

Nikamwambia, "Nyumba yenye ninaweza kutoa balishaichoma. Ingine sina."

Akafikiri sijasikia. Akarudilia. Na miye nikarudilia. Akasimama, akanipiga kofi, bakapindua sufuria ya bukari na ya samaki, bakakanyaga benchi zote, bakaenda. Marie-Thérèse alibaki ameshika makala mu mikono. Miye nikaokota sufuria.

Kesho yake nilienda polisi, nikatoa jina ya Kalenga, na vile alifanya, kila kitu, hata nondo. Ile jina ilikuwa yangu kutoa. Balimukamata kule Kipushi, iko mu kasho ya polisi. Marie-Thérèse hanisalimie tena. Alihamisha makala yake ngambo ya barabara, kila muntu upande yake.

Usikuye kuuawa hapa. Sina nguvu ya kuzika mwingine. Nitakuita siku nitakuita.

Sijakusamehe. Pengine itakuya, pengine hapana, sijui, na usinipigie hesabu yake. Lakini kula vizuri kwa shangazi, na komeo ufunge. Niko na weye tu.

Yaya yako,
Mwansa